Mhesabu Miguu wa Temeke

Wasifu wa marehemu uliosomwa kabla ya maziko kwenye makaburi ya Kinondoni haukuacha kitu: shule alizosoma, barabara alizosimamia, vyeo, watoto, wajukuu. Uliacha jambo moja tu, nalo ndilo mhandisi yule alilolipenda kuliko yote, yaani kuwahesabu watu wanaokwenda kwa miguu. Miongoni mwa waombolezaji alikuwamo karani wake wa zamani, sasa mstaafu wa utumishi wa umma. Alirudi kwake Mtoni amenuna, na matanga yalipoanuliwa akaanza kuandika. Haya ndiyo aliyoyaandika. Ni habari zake mwenyewe, ila ameona ajitazame kwa mbali, na ajiite karani basi.

Karani ni mtoto wa Temeke. Baba alikuwa kuli bandarini, mama akikaanga samaki jioni mlangoni. Shule ya msingi alikwenda kwa miguu. Sekondari aligombania mabasi ya UDA, hasa Ikarus zile ndefu zilizoitwa kumbakumba. Shirika la Usafiri Dar es Salaam liliundwa mwaka 1974, na haikupita miaka kumi abiria wakalizidi nguvu. Mwaka 1983 Serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi, daladala zikaingia barabarani. Utoto wake haukuwa na la ajabu zaidi ya hayo.

Miaka ya 1990 alipata kibarua kilichombadilisha. Temeke ilichaguliwa, pamoja na Morogoro kwa upande wa Tanzania, Nairobi na Eldoret kwa upande wa Kenya, kuwa mahali pa majaribio ya usafiri usiotumia injini. Mradi huo ulikuwa chini ya mpango wa sera za usafiri barani Afrika uitwao SSATP, ulioendeshwa na Benki ya Dunia, na fedha zilitoka Uholanzi. Walitakiwa vijana wenye mwandiko mzuri wa kukaa kando ya barabara na kuhesabu. Karani alikuwa na mwandiko mzuri.

Aliyewasimamia ndiye mhandisi aliyezikwa Kinondoni. Mtu mfupi, hacheki ovyo, mfukoni ana chaki wakati wote. Alikuwa akifika saa 11 alfajiri, kabla ya vijana wake, kwa sababu wakazi wa Tandika na Mtoni waliokuwa wakienda viwandani Chang'ombe na Keko, au sokoni Kariakoo, walitoka bado giza. Ukianza kuhesabu saa 2 asubuhi, alikuwa akisema, umewahesabu wenye magari.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mhandisi alichora mstari wa chaki kukata njia. Karani alikaa kwenye kigoda, ubao wenye fomu magotini. Fomu ilikuwa na safu: wa miguu, baiskeli, guta na mikokoteni, pikipiki, gari dogo, daladala, lori. Kila anayevuka mstari anachorewa kijiti. Vijiti vinne vinasimama, cha tano kinalala juu yao, unaanza fungu jingine. Kila robo saa unahamia mstari mpya wa fomu, hata kama katikati yake hakupita mtu. Watoto wa shule walikuwa na safu yao, na wenye mzigo kichwani safu yao.

Safu ya mwisho mhandisi aliichora mwenyewe kwa rula, haikuwamo kwenye fomu iliyochapishwa. Juu yake aliandika "walioshuka". Humo ulimchorea kijiti mtu aliyekuwa akitembea pembeni vizuri, kisha akalazimika kushuka kwenye lami kwa sababu mbele yake kuna rundo la mchanga, meza ya muuza mitumba, mtaro ulio wazi au daladala iliyopandisha tairi njiani. Mhandisi alidai kwamba namba ya waliopita inakueleza ukubwa wa barabara, lakini namba ya walioshuka inakueleza nani atagongwa.

Safu hiyo imezua mabishano ambayo mpaka leo hayajaisha. Wataalamu wenzake walisema haipimiki: kijana mmoja ataona mtu ameshuka, mwingine ataona amekwepa tu. Karani anakubali kwamba vijana wawili hawatafanana hadi kijiti cha mwisho. Anachokataa ni kuitupa safu nzima kwa sababu hiyo. Mhandisi aliwaweka vijana wawili mstari mmoja, wasiongee, kisha akalinganisha fomu zao. Waliotofautiana sana aliwarudisha kwenye chaki kuwafunza upya. Hivyo ndivyo kipimo kinavyotengenezwa, kwa kukirudia.

Pambano kubwa zaidi lilikuwa juu ya kile wahandisi wa barabara wanachokiita kizio cha gari dogo. Katika hesabu hizo gari dogo ni 1. Basi ni 2 au zaidi kidogo, kwa sababu linachukua nafasi kubwa. Baiskeli ni kipande tu cha 1. Mtu wa miguu hana namba kabisa, kwa kuwa haonwi kuwa sehemu ya msongamano. Chukua basi DCM iliyofurika abiria hadi mlangoni, konda akining'inia, ikitoka Mbagala Rangi Tatu. Mbele yake kuna gari lenye mtu mmoja na kiyoyozi. Kwa kizio hicho, DCM ni kero maradufu ya gari lile. Ukiipeleka hesabu hiyo wizarani, jibu litakalorudi ni kupanua lami. Mhandisi alifanya hesabu zote mbili, moja ya vizio na moja ya watu, akaziweka kwenye ukurasa mmoja. Mkubwa wake mmoja alimwamuru aufute upande wa pili. Hakuufuta.

Majaribio ya Temeke hayakupotea bure. Aina ya kivuko kilichojaribiwa katika mradi ule, pundamilia iliyoinuliwa, ambayo ni kivuko na tuta kwa pamoja, sasa mtu wa Dar es Salaam haoni tena kuwa kitu kigeni. Mwaka 2001 mafunzo ya miji ile yalitoka katika kitabu cha mwongozo kilichohaririwa na Marius de Langen na Rustica Tembele. Fedha za mradi zilipokwisha, hesabu nazo zikakoma. Fomu zikaenda stoo, vijana wakatafuta kazi nyingine. Karani aliajiriwa serikalini, akasoma jioni, akapanda ngazi. Miaka mingi baadaye alijikuta upande wa pili wa meza, kwenye kamati ya kupitia maandiko ya watafiti wanaoomba ruzuku ya umma.

Kamati hiyo haitatajwa. Mazingira yake yanafahamika. Mwaka 1980, katika Mpango wa Lagos, viongozi wa Afrika walikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti. Lengo likarudiwa katika vikao vya Umoja wa Afrika, na Rais Jakaya Kikwete naye aliahidi kwamba Tanzania ingelifikia. Takwimu za UNESCO za mwaka 2013 ziliikuta nchi karibu na nusu ya lengo, huku sehemu isiyo ndogo ya fedha ikitoka kwa wafadhili wa nje. Chombo kipo: Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, pamoja na mfuko wa kuendeleza sayansi na teknolojia, MTUSATE. Ukishuka daladala kituo cha Sayansi, Kijitonyama, umefika. Jirani yake ni kituo cha Makumbusho, penye Makumbusho ya Kijiji yaliyofunguliwa miaka ya 1960. Utafiti na utalii wa Kinondoni vimepakana kiasi hicho, ila mezani kwenye kamati havikuwahi kusalimiana.

Mbele ya kamati lililetwa andiko la walimu wawili wa chuo. Walitaka kujua watu wa Dar es Salaam wanafikaje kwenye fukwe na visiwa vyao. Mbudya na Bongoyo ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1975. Ukitaka kwenda Mbudya unapanda boti Kunduchi. Kufika Kunduchi, asiye na gari anashuka Mtongani, anachukua bodaboda au anatembea juani na watoto na sufuria la pilau. Upande wa kusini, siku ya Idi na Krismasi, Temeke nzima huelekea Kigamboni kwa pantoni au kwa Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016. Waombaji walitaka vigoda, fomu na posho za vijana kwa misimu miwili. Fedha yenyewe ilikuwa ndogo kuliko bei ya gari moja la ofisi.

Mjumbe mmoja, bingwa wa uchumi, alilikataa kwa hoja tatu. Kwanza, kuhesabu si utafiti. Pili, utalii wa Tanzania uko Kaskazini, kwenye Serengeti na Kilimanjaro, ndiko dola ziliko. Tatu, mtu wa Mbagala anayekwenda kuogelea Idi si mtalii.

Karani alijibu zote. Kuhusu kuhesabu, alitaja utafiti wa majeruhi kuzunguka shule za msingi za Dar es Salaam uliofanywa na shirika la Amend: walihesabu watoto waliogongwa, wakajenga njia, vivuko na matuta, wakahesabu tena, na majeruhi wakapungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI. Kuhusu Kaskazini, alisema mgeni wa Serengeti naye huenda akashukia Dar es Salaam, na foleni yetu haimbagui. Kuhusu mtu wa Mbagala alitumia maneno makali zaidi, na kumbukumbu za kikao hazikuyaandika. Andiko lilianguka kwa kura. Mjumbe yule amejenga Mbezi Beach. Hulalamikia foleni ya Africana kwenye kundi la WhatsApp la wakazi, akidai apewe takwimu.

Takwimu alizozitaka hazipo, na hapo ndipo karani anaposimamia. Kwa mwaka 2024 Tanzania ilitangaza watalii wa nje 2,141,895 na wa ndani 3,218,352. Ni namba nzuri, tena za kujivunia. Lakini hesabu za namna hiyo hutegemea mipaka, viwanja vya ndege na malango yanayokata tiketi, na ufukwe wa Kigamboni siku ya Idi hauna lango. Utafiti wa wageni wanaoondoka nchini, ambao Benki Kuu hushirikiana kuufanya na Ofisi ya Taifa ya Takwimu na wizara ya utalii, humuuliza mgeni alilala wapi na alitumia kiasi gani. Mwenyeji aliyekwenda na kurudi siku hiyohiyo haulizwi na mtu. Temeke peke yake ilikuwa na watu 1,346,674 kwenye sensa ya 2022.

Usafiri nao umebadilika. Mabasi ya mwendokasi yalianza safari mwaka 2016 kwenye Barabara ya Morogoro, na tawi la njia yao likafika Morocco, Kinondoni. Mwaka 2018 Dar es Salaam ikawa jiji la kwanza la Afrika kupata Tuzo ya Usafiri Endelevu. Awamu ya pili ikajengwa Barabara ya Kilwa hadi Mbagala. Fedha za utafiti za Umoja wa Ulaya, kupitia mradi wa SOLUTIONSplus ulioanza mwaka 2020, zilijaribu bajaji za umeme za kuleta abiria kwenye vituo vya mwendokasi. Karani anayafurahia yote hayo. Anachouliza ni kwa nini swali kuhusu bajaji ya Dar es Salaam liandikwe Ulaya ndipo lipate fedha. Mwenye fedha ndiye mwenye swali, na swali la mgeni haliwezi kuwa lilelile la mama anayebeba ndoo ya samaki kutoka feri.

Vijana wa vyuo humjia siku hizi na ramani za rangi zilizochorwa kwa data za simu. Huwapikia chai, kisha huwagombeza. Mama yule ana kitochi, hana bando, kwa hiyo kwenye ramani yenu hayupo. Kamera juu ya nguzo itamwona akishuka kwenye lami lakini haitajua kwamba pikipiki za kijiwe zimeziba njia iliyojengwa kwa mkopo ili apite yeye. Nendeni mkasimame. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi waliingia mitaani kwa miguu kuanzia mwaka 2015 katika Ramani Huria, wakaandika mitaro na vichochoro vya kata zinazofurika, na ramani zao zikatumika. Hawakufa kwa vumbi. Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi hapohapo Temeke. Wanafunzi wake wangeweza kukaa kivukoni kila Idi, pamoja na wenzao wa Chuo cha Usafirishaji cha Mabibo, wakatoka na hesabu ambayo haijapata kuwepo.

Kwa wajumbe wa kamati zilizopo sasa, ombi la karani ni fupi. Ruzuku yoyote ya umma inayogusa barabara, kituo, ufukwe au hifadhi iwe na sharti la kuhesabu watu mahali palepale kabla ya kazi na baada yake, kwa fomu moja, safu ya walioshuka ikiwamo. Namba zitunzwe na manispaa na ziwe wazi kwa yeyote. Fomu asilia anayo, yenye safu iliyochorwa kwa rula, na chuo chochote kitakachomtuma mtu Mtoni kitapewa nakala bure.