Subira na Gharama Yake

Wahenga walinena kuwa subira huvuta heri. Aghalabu, msemo huu huwa mwepesi kinywani mwa anayesubiriwa kuliko anayesubiri. Maisha ya Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli wa Marekani, yanatudai tuupime upya.

Tangu miaka ya 1880, wenye timu kuu za besiboli waliwafungia nje wachezaji weusi. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Palikuwa na mapatano ya kimyakimya, nayo ni magumu kuyapinga kwa sababu hayana ukurasa wa kunyoshewa kidole. Waliofungiwa nje hawakukaa kitako: mwaka 1920 Rube Foster aliongoza kuundwa kwa ligi yao wenyewe.

Mwaka 1945 Branch Rickey, kiongozi wa Brooklyn Dodgers, alimsajili Robinson kwa sharti zito: atukanwe, asijibu. Huyu ndiye aliyeshtakiwa katika mahakama ya kijeshi mwaka 1944 baada ya kukataa kuhamia nyuma ya basi, kisha akaachiliwa huru. Tarehe 15 Aprili 1947 aliingia uwanjani. Matusi yalimwandama, akajibu kwa gongo na kwa mbio zake. Mwaka uliofuata Rais Truman aliamuru ubaguzi ukomeshwe jeshini, na mwaka 1954 Mahakama ya Juu ikaharamisha utengano katika shule za umma. Besiboli haikuyazaa hayo peke yake, ila ilikwisha kuwazoesha Wamarekani wengi kumshangilia waliyefunzwa kumdharau.

Hata hivyo, heri hiyo ilikuwa na gharama. Kansas City Monarchs, timu alikotoka Robinson, haikulipwa chochote. Mashabiki waliwafuata nyota wao, na ligi za weusi zikadidimia. Mlango ulifunguliwa kwa wachezaji, si kwa viongozi wao.

Robinson hakuridhika kuingia peke yake. Mwaka 1959 aliungana na Harry Belafonte na Sidney Poitier kuchangisha fedha za kuwasafirisha wanafunzi 81 kutoka Kenya hadi vyuo vya Marekani, katika mpango wa Tom Mboya. Oktoba 1972, akitunukiwa heshima mbele ya umati, alisema angefurahi zaidi kumwona mtu mweusi akiwa kocha mkuu. Siku tisa baadaye alifariki. Frank Robinson alianza kuiongoza timu ya Cleveland mwaka 1975.

Naam, subira ilivuta heri. Aliyesubiri hakuiona.