Siku ya Kuvua Kapi Ziwani Naivasha

Anayetaka kuvua samaki aina ya kapi Naivasha sharti aamke kabla ya jua na asisahau sweta. Ziwa hili liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Katika maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya hakuna lililo juu kuliko hili, na baridi ya saa kumi na mbili asubuhi hapa si ya kuchezea. Lakini ni saa hiyo ndipo ziwa linapendeza kuliko wakati mwingine wowote. Ukungu umelala juu ya mafunjo, migunga imesimama ukingoni na magome yake ya manjano, na upande wa kusini mashariki Mlima Longonot unaanza kuonekana, kileleni kwanza, kisha mabegani.

Mimi huona Naivasha ndilo ziwa zuri kupita yote kwa mtu mwenye mshipi na siku moja ya mapumziko. Nakuru, Elmenteita na Bogoria, majirani zake, maji yao ni ya magadi. Ya Naivasha ni maji baridi, yasiyo na magadi, ingawa hakuna mto unaoonekana ukitoka humo. Mto Malewa huleta maji kutoka Nyandarua, na mengine hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi. Ndiyo maana samaki wamestawi.

Samaki wenyewe karibu wote ni wageni. Bass waliletwa kutoka Marekani katika miaka ya 1920, perege nao wakaletwa, na kamba wa Louisiana wakatiwa ziwani mwaka 1970. Kapi alionekana mara ya kwanza kwenye nyavu mnamo mwaka 2001, bila mtu kumpandikiza ziwani kwa makusudi. Inaaminika alishuka na mito kutoka mabwawa ya kufugia. Katika miaka michache tu akawa sehemu kubwa ya mavuno ya wavuvi. Wapo wanaomlaumu kwa kuchimba matope na kuchafua maji, na hawakosei. Hata hivyo ni yeye aliyezilisha familia nyingi za Karagita na Kamere, kando ya ziwa, wakati samaki wengine walipopungua, na kwa hilo anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa.

Kumvua kunataka utulivu. Siku niliyokwenda, nahodha wa mashua yetu, mzee wa makamo aliyekulia kando ya ziwa, alizima injini mbali na mafunjo, akatuacha tusogee kwa kasia.

"Mzee, mbona hatukaribii zaidi?"

"Tulia, kijana. Tazama mapovu."

Kweli, karibu na mafunjo mapovu madogo yalikuwa yakipanda kwa mstari. Kapi alikuwa chini anapekua tope. Hula akiwa ameinamisha kichwa, akipapasa kwa ndevu zake nne, ananyonya tope, anabakiza chakula na kutema mengine. Kwa hiyo chambo lazima kilale chini kabisa. Tulitumia ugali mgumu uliofinyangwa vidonge, na chubwi ndogo ya kuuzamisha. Mshipi ukitikisika kidogo, usivute. Kapi atauonja ugali, atautema, ataurudia. Mshipi ukikaza na kuanza kutembea, hapo ndipo uvute.

Na akishikwa, haruki juu kama bass. Anakwenda moja kwa moja, kwa nguvu nzito, kuelekea kwenye mafunjo, ambako akifika mshipi umekatika. Mikono inauma. Hatimaye anapinduka ubavu, magamba mapana yanang'aa rangi ya shaba, na nahodha anamchota kwa wavu wa mkono. Juu ya mgunga furukombe alipiga kelele, wari wakapita chini chini, na kwa mbali viboko wakatoa pua.

Kwa viboko nahodha hakuwa na mzaha. Hupiga ubavu wa mashua ili wajitokeze, huwapita kwa mbali, wala hakai kati ya kiboko na maji ya kina, maana huko ndiko mnyama hukimbilia.

Mchana tulipeleka samaki kwa akina mama wanaokaanga karibu na gati la kushushia samaki. Kapi ana vijimwiba vingi vilivyojificha nyamani, na wao wanajua dawa yake: humchanja mistari ya karibu karibu pande zote mbili, wakamtia chumvi, wakamzamisha kwenye mafuta yanayochemka hadi vijimwiba vikakauka na kulika. Pamoja na ugali na sukuma wiki, sijala samaki wa maji baridi mtamu kuliko huyo.

Wewe unayesoma, nenda. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 90 tu. Kata leseni ya uvuvi, chukua nahodha anayelijua ziwa, vaa jaketi la kuokolea hata kama wenzako hawavai, na ununue samaki gatini ili fedha ibaki kwa wavuvi. Rudi nchi kavu mapema, kwa sababu alasiri upepo wa Naivasha huvuma kwa ghafla na mawimbi yake ni makubwa kuliko mashua nyingi zinavyoweza kustahimili.