Nafsi ya Kwanza, Vinywa Viwili

Mhakiki wa fasihi anapothubutu kuandika juu ya ngoma hana budi kuomba radhi, kwani zana zake ni za maneno. Radhi hiyo naiomba, ila si kwa unyenyekevu mwingi. Ngoma ninayoikusudia, *zero degrees*, ina maneno ndani yake, na ni maneno hayo yaliyonirudisha kwenye kosa langu mwenyewe.

Ngoma hii ya watu wawili ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2005, katika ukumbi wa Sadler's Wells, London. Walioibuni na kuicheza ni Akram Khan, Mwingereza mwenye asili ya Bangladesh aliyefunzwa kathak, ngoma ya jadi ya Bara Hindi, tangu utotoni, na Sidi Larbi Cherkaoui, Mbelgiji ambaye baba yake alitoka Moroko. Muziki ni wa Nitin Sawhney. Mchongaji Antony Gormley alitengeneza sanamu mbili nyeupe kwa kalibu ya miili yao, nazo zimo jukwaani. Wako wanaoisifu kuwa ni makutano ya Mashariki na Magharibi. Sifa hiyo ni ya kivivu. Mmoja alizaliwa London, mwenzake Antwerp.

Mimi nimeitazama katika filamu tu. Wasanii wanaketi sakafuni wakiikabili hadhira, kisha wanasimulia safari ya Khan kutoka Bangladesh kuingia India: jinsi pasipoti yake ilivyochukuliwa mpakani na kupitishwa mikononi mwa maofisa, na jinsi alivyojiona si kitu pasipo kijitabu kile. Wanasimulia kwa pamoja, neno kwa neno. Mmoja akisita, mwenzake anasita. Kiganja cha huyu kikiinuka, cha yule kimeshainuka. Cherkaoui, ambaye safari si yake, anasema "mimi".

Katika kwaya watu wengi husema "sisi", na hatushangai. Hapa nafsi ya kwanza umoja ina vinywa viwili, na msomaji aliyelelewa katika nadharia ya usimulizi hujiuliza mwenye kisa ni nani. Lakini lililonigusa zaidi ni kule kusita. Mtu mmoja akisita, tunasema amekwama. Wawili wakisita kwa nukta ileile, kusita kumekuwa sehemu ya matini: kumehifadhiwa kwa moyo kama mshororo. (Sehemu za uchezaji mtupu, ambapo mikono mikali ya Khan inashindana na mwili wa Cherkaoui unaojikunja kama usio na mifupa, ni za kupendeza, ila hazikunikosesha usingizi.)

Mwaka 2009, nikikusanya data ya tasnifu yangu, nilimrekodi bibi mmoja huko Vanga. Nilitaka ngano. Baada ya ngano mbili akaanza, bila kuulizwa, kunieleza jinsi alivyozuiliwa mpakani akienda Tanga kumzika dada yake. Kitambulisho chake kilichukuliwa na askari, akakaa chini ya mti hadi magharibi. Maziko yakampita. Alipofika hapo alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi, mjukuu wangu," akaendelea na habari za mvua.

Katika unukuzi wangu kimya kile hakimo. Vivyo hivyo marudio yake, na "yaani" zake zote. Nilizifuta ili matini isomeke vizuri. Hatimaye kisa chenyewe nilikiacha, kwa kuwa hakikuwa ngano. Nilituzwa shahada kwa kazi ile safi. Bibi amekwisha kufariki.

Muhula uliopita niliutoa ukanda ule na kuwaomba wanafunzi wawili wakikariri kisa cha bibi kwa pamoja, pamoja na kusita kwake kote. Iliwachukua wiki tatu. Walipofika kwenye kimya walikosea mara nyingi, mmoja akikimbilia "basi" kabla ya mwenzake, wakacheka, wakarudia. Siku walipokipata sawasawa hapakuwa na aliyecheka. Kisha mmoja wao akaniuliza, "Mwalimu, hapa mikono ya bibi ilikuwa inafanya nini?"

Nilikuwa nimeketi mbele yake kwenye mkeka, hatua moja tu. Nilikuwa nikiitazama mashine, nione kama ukanda unazunguka.