Chaza Mbichi na Asali ya Mbuyu



Juma hili naomba tuzungumze juu ya chakula ambacho wengi katika bonde letu hawajapata kukiona, sembuse kukionja. Chakula hicho ni chaza. Tangu niliporudi kutoka mafungo kule Unguja, vijana wa kwaya hawaachi kuniuliza: "Baba Paroko, ni kweli watu humla mnyama yule akiwa mbichi, tena angali hai? Na kama ni kweli, ana utamu gani hata watu walipe fedha nyingi namna hiyo?" Swali ni jema, nami nimeona nilijibu kwa maandishi ili wote tupate jibu moja.

Chaza ni mnyama wa baharini mwenye mwili laini, aliyefunikwa kwa magamba mawili magumu kama jiwe. Hushikamana na miamba au mizizi ya mikoko, na akishashikamana hahami tena maisha yake yote. Maji yanapokupwa, kina mama wa pwani hushuka na vikapu na vyuma vyao kwenda kumbandua. Nyumbani humchemsha, humkaanga, au humtia katika mchuzi wa nazi. Wahenga wa huko hawakukosea waliposema kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Kumla mbichi, kwa kadiri nilivyoona, hupendwa zaidi na wageni na mahotelini.

Mimi nilimwonja mara mbili. Mara ya kwanza tulialikwa hotelini na mfadhili mmoja. Waliletwa chaza sita juu ya barafu, vipande vya ndimu pembeni, kwa bei ambayo hapa kwetu ingetosha kununua debe zima la mahindi. Mara ya pili nilikuwa juu ya mwamba, asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Mama mmoja mwokotaji alimfungua chaza kwa kisu, akamkamulia ndimu, akanipa mkononi. "Bismillahi, Padri, karibu," alisema. "Hapa maji ni safi. Mimi na wanangu huwala hawa hawa."

Ladha yake ni ipi? Kwanza ni chumvi, kana kwamba umemeza funda la bahari. Kisha huja utamu mdogo, na mwishoni kitu kama ladha ya chuma. Wanaoshindwa, aghalabu hawashindwi na ladha, bali na ule utelezi, kwa maana ni chakula kisichotafunika vizuri wala kisichonyweka. Hukumu yangu ni hii: yule wa hotelini alikuwa mzuri, lakini hakustahili makeke yote yale. Yule wa mwambani alistahili. Ulimi wangu haukuona tofauti kubwa kati yao. Tofauti ilikuwa kwamba wa pili nilijua ametoka wapi, na aliyenipa alikuwa tayari kuwalisha wanawe chaza wa mwamba uleule.

Huenda mmoja wenu akauliza kama ni halali. Ni kweli kwamba sheria ya kale, katika Kitabu cha Walawi sura ya 11, iliwakataza Waisraeli viumbe wote wa majini wasio na mapezi wala magamba ya samaki, na chaza yumo katika katazo hilo. Lakini sisi twakumbuka pia maono ya Mtume Petro kule Yafa, katika Matendo ya Mitume sura ya 10. Kwa hiyo swali la unajisi halituhusu. Linalobaki ni swali la usafi, nalo si dogo.

Chaza hula kwa kuchuja maji. Inakadiriwa kwamba chaza mmoja mkubwa wa pwani ya mashariki ya Marekani, akiwa katika hali nzuri, huweza kuchuja hadi lita 190 kwa siku moja. Basi kilichomo majini humpitia, na sehemu yake hubaki ndani yake. Maji yakiwa safi, naye huwa chakula safi. Maji yakiwa na uchafu wa vyoo, hubeba vimelea vya homa ya matumbo, vya homa ya ini na vya kuharisha, bila kubadilika rangi wala harufu. Ndimu na pilipili haziviui. Moto ndio mlinzi wa kweli, naye aulaye mbichi amemwondoa mlinzi huyo mlangoni.

Historia ina ushahidi wa jambo hili. Mwezi Novemba 1902, mjini Winchester, Uingereza, meya aliandaa karamu kubwa, na wageni wakala chaza waliotoka Emsworth, mahali ambapo maji ya vyoo vya mji yalimwagwa karibu na mashamba ya chaza. Wageni kadhaa waliugua homa ya matumbo. Miongoni mwa waliofariki alikuwamo Dekano wa kanisa kuu la Kianglikana la mji huo. Kule New York, ambako chaza walikuwa chakula cha kila siku cha matajiri na maskini, mashamba ya mwisho ya jiji yalifungwa mwaka 1927 kwa sababu maji yalikuwa yamechafuka mno. Hata London, katika karne ya 19, chaza alikuwa kitoweo cha watu wa hali ya chini. Alipoanza kuadimika, kwa kuvunwa kupita kiasi na kwa uchafu, ndipo akapanda meza za wakubwa. Ndugu zangu, sehemu kubwa ya makeke ya chaza ni hiyo: watu hulipa bei kubwa kwa kitu ambacho zamani kila mtu alikipata, kwa kuwa mahali pasafi pamekuwa pachache.

Sasa turudi kwetu Yaeda, maana sisi nasi tuna chakula chetu kiliwacho kibichi, papo hapo kinapopatikana. Nasema asali ya mbuyu. Ndugu zetu Wahadzabe huifuata msituni wakiongozwa mara nyingi na yule ndege mdogo wa asali. Mtu hupiga mluzi, ndege hujibu na kuruka mti hadi mti, mpaka kwenye mzinga wa asili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba ndege hawa wa kwetu huitikia zaidi miluzi ya Wahadzabe kuliko sauti zitumiwazo na Wayao wa Msumbiji, na wale wa Msumbiji kadhalika huitikia zaidi sauti za Wayao. Kisha mtu hupigilia vigingi katika shina la mbuyu, akapanda na kijinga chenye moshi, akavunja masega. Huliwa pale pale chini ya mti, asali pamoja na majana ya nyuki, na nta hutemwa. Watafiti walipowauliza Wahadzabe ni chakula kipi wakipendacho kuliko vyote, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, wanaume kwa wanawake walitaja asali.

Mgeni wa mjini akipewa sega lenye majana hushtuka kama vijana wetu wanavyomshtukia chaza. Mimi nimekula. Asali ni tamu na ina harufu ya moshi. Majana ni laini, yana mafuta, na ladha yake yakaribia ile ya maziwa. Wanasema mchovya asali hachovyi mara moja, nami sikuchovya mara moja. Mkinilazimisha kuchagua kati ya sahani ile ya barafu na sega lile la moto wa jua, nitachagua sega bila kusita.

Hata hivyo, naomba msinielewe vibaya. Sisemi kwamba kila kibichi ni chema. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali kabisa, hata ya kulambishwa, kwa kuwa yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvishinda. Maziwa mabichi tuyapendayo sana, hasa katika familia za Kidatoga, yaweza kuleta brusela, na wauguzi wana haki wanapotuhimiza kuyachemsha. Na bahari yetu ina joto mwaka mzima, jambo linalopendwa na bakteria wa jamii ya Vibrio, ndugu wa yule wa kipindupindu. Kwa hiyo wajawazito, wazee, na wenye kinga dhaifu wamle chaza aliyepikwa. Hakuna aibu katika sufuria.

Lakini neno ninalotaka tulishike juma hili ni hili. Chakula kiliwacho kibichi ni shahidi. Humshuhudia mtu aliyekileta, kwamba ni mwaminifu, na humshuhudia pia mahali kilipotoka, kwamba pangali pazima. Chaza wa Emsworth walimshuhudia mfereji wa maji machafu. Chaza wa yule mama wa Unguja alishuhudia mwamba ambao bado mama huwalisha wanawe. Na sega la asali hushuhudia kwamba mbuyu ungalipo, maua yangalipo, nyuki wangalipo, na ndege angali anaitika.

Ushahidi huo, ndugu zangu, waweza kunyamazishwa hapa kwetu. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde hili walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, nasi sote tulipaswa kushangilia. Hata hivyo wapo miongoni mwetu wanaoingia msituni na shoka wakatafute shamba jipya, wapo wanaopeleka mifugo mahali walipokatazwa, na wapo wanaopulizia dawa mashambani wakati nyuki wako kwenye maua. Kila mmoja ana njaa yake na watoto wake, nami najua kwamba shamba haliachwi kwa mahubiri peke yake. Lakini nyuki akihama, jirani yetu Mhadzabe hana duka la kukimbilia. Kwake mzinga uliokufa ni chakula cha watoto kilichopotea, kama vile ghala yako wewe ikiteketea.

Basi Jumapili hii, baada ya Misa, nitawaomba wajumbe wa jumuiya ndogo ndogo tukae pamoja na wazee wa Kihadzabe, wa Kidatoga na wa Kiiraqw, tuzungumze juu ya mipaka ya msitu na saa za kupulizia dawa. Nanyi vijana wa kwaya, mkifika pwani siku moja na mama mwokotaji akawapa chaza, muulizeni kwanza kama naye huwalisha wanawe. Akisema ndiyo, kuleni kwa shukrani. Akisita, mwambieni akawapikie.

Nawatakieni juma jema lenye baraka.

Paroko wenu