Kasapa, Kule Wanajifunza Mashini

Ukitoka katikati ya Lubumbashi na kufuata barabara ya Kasapa, utakuta njia moja yenye kupeleka watu fasi mbili zenye hazifanane hata kidogo: kuko gereza kubwa, na kuko iniversite. Wazazi wamoja wanachekea ile, wengine hapana. Leo tunaenda kwa iniversite.

Ilifungua milango mwaka wa 1956, wakati wa Wabelgiji. Mu 1971 ikaunganishwa na zingine kuwa iniversite moja ya Zaire yote, na mu 1981 ikarudia kusimama yenyewe. Kwenye kampasi, wanafunzi wanakaa mu manyumba marefu yenye wanaita homu. Mu chumba kimoja utakuta vitanda, reshoo ya umeme, nguo zenye kuanikwa kwa dirisha, na makaratasi ya hesabu pembeni ya sufuria ya bukari. Watu wa hapo hawasahau usiku wa tarehe 11 Mei 1990, wakati wanafunzi walishambuliwa na wengine wakauawa.

Kwa Politekiniki, masomo ya mashini na ya umeme yalitembea pamoja kwa miaka mingi, ndiyo maana ya jina elektromekaniki. Diploma ya zamani ya miaka mitano iliitwa ya injeniere sivili, na mama mumoja anaweza kufikiri mutoto wake atajenga manyumba. Hapana, mama. Neno sivili lilikuja tu kwa kutenga injeniere wa raia na injeniere wa jeshi.

Sasa, mutoto anajifunza nini pale? Twende Kipushi, kilometa karibu 30 kutoka Lubumbashi. Mugodi wa chini ya udongo ulisimama mu 1993, lakini maji hayakusimama. Kila siku pompi zilipaswa kuyavuta, hata kama hakuna jiwe lenye kutoka. Mu 2011 pompi za chini ziliharibika, na maji yakapanda. Ilikuwa lazima kuyavuta tena, na ilikuwa paka mu 2024 ndipo zinki ilianza kutoka upya.

Kupandisha mita kiubi moja ya maji, ni kusema kilo 1000, kwa urefu wa mita 1000, kunaomba karibu kilowati-saa 2,7. Ile ni hesabu ya karatasi. Kwa kweli pompi inakula zaidi, juu hakuna mashini yenye haipotezi kitu. Tena kuko ugonjwa moja wa pompi: fasi maji yanaingia, kama nguvu ya kusukuma inashuka sana, maji yanachemuka hata kama ni baridi. Yanafanya mapovu madogo. Mapovu yakifika fasi yenye nguvu, yanapasuka kwa haraka na kuchimba chuma, na gurudumu la pompi linatobokatoboka sawa muti wenye kuliwa na wadudu. Mutu asiyejua ataleta gurudumu lingine, na litakufa vilevile. Mwenye kujua ataangalia kwanza bomba la kuvutia: ni refu sana? ni nyembamba? chujio limezibwa?

Maulizo ya namna ile ndiyo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anafanyia memwari yake. Kwanza anatafuta staji kwa kampuni, na kuipata si rahisi kama baba hajuane na mutu. Hapo ndipo ninafikiri wakristo wenye kazi mu viwanda wangeweza kusaidia, hata mutoto wa jirani, hata binti. Mabinti bado ni wachache mu masomo haya.

Wazazi wanauliza juu ya kazi, na wako na haki. Gécamines ilitoa tani za shaba zaidi ya 400 000 kwa mwaka mu miaka ya 1980; Kamoto ikaanguka mu Septemba 1990, na kufika katikati ya miaka ile uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50 000. Nafasi ya baba haikurithiwa tena. Leo kampuni ni nyingi kule Kolwezi, zenye pompi, makamio na mikanda ya kubeba mawe. Mashini ikikufa, kuna wenye wanaita fundi kutoka inchi za mbali, wanamulipia ndege na hoteli, na mtoto wa Kasapa anamushikia sanduku la vyombo. Anaangalia mikono yake vizuri, na mangaribi anaandika mu kaye.