Serikali ya Wanafunzi na Daftari la Mwakilishi wa Darasa

Itajwapo serikali ya wanafunzi mbele ya Mkenya wa kawaida, aghalabu kinachomjia akilini kwanza ni mawe, gesi ya kutoa machozi na barabara iliyofungwa. Dhana hiyo haikuzuka hivi hivi. Chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi kilichojulikana kwa kifupi kama NUSO kilipigwa marufuku mwaka wa 1979. Mwaka wa 1982 kikaundwa kingine, SONU, na punde baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka huo huo, mwenyekiti wake wa kwanza, Tito Adungosi, akafungwa miaka kumi kwa kosa la uchochezi. Alifia gerezani mwaka wa 1988. Naye Wafula Buke, aliyekiongoza chama hicho kilipofufuliwa, alitiwa mbaroni mwaka wa 1987 na kuhukumiwa kifungo cha miaka mitano. Enzi hizo za chama kimoja, waliothubutu kuinua sauti nchini walikuwa wachache mno, na kiongozi wa wanafunzi alijikuta akiwasemea hata watu ambao hawakuwahi kukanyaga ukumbi wa mihadhara.

Heshima wanayostahili mashujaa hao haina mjadala. Hata hivyo, urithi wao umezaa kipimo kimoja kisichofaa kila mahali: kiongozi wa wanafunzi hupimwa kwa jinsi anavyonguruma jukwaani. Kazi ya kimyakimya, ile inayomwezesha mwanafunzi wa shahada ya kwanza kusoma, kutahiniwa na kuhitimu kwa wakati, haina nyimbo wala mabango. Ilhali ndiyo kazi ambayo wengi wangeikosa sana lau isingefanywa.

Chukua mfano wa alama zilizopotea, donda ndugu katika vyuo vikuu vyetu vya umma. Mwanafunzi hufanya kazi za majaribio, hukaa mtihani, hutia sahihi katika orodha ya watahiniwa, kisha matokeo yatokapo, penye alama yake pana kistari. Sababu ni nyingi na nyingine ni ndogo za kushangaza. Nambari ya usajili imenakiliwa visivyo. Alama za majaribio zimewasilishwa bila zile za mtihani. Mhadhiri wa muda, ambaye hajalipwa kwa mihula miwili, anazo karatasi nyumbani kwake na haonekani. Mwanafunzi mwenyewe alichelewa kusajili kozi kwa kuwa karo haikuwa imekamilika, hivyo jina lake halimo katika orodha ingawa alihudhuria kila kipindi. Wengi hawajui lolote hadi mwaka wa nne, orodha ya mahafali ibandikwapo nao wasijione.

Hapo huanza safari ya ofisi kwa ofisi. Idara humtuma kwa mhadhiri, mhadhiri humrejesha idarani, idara humwelekeza kwa mkuu wa kitivo, naye mkuu wa kitivo huuliza barua ya idara. Akiwa peke yake, mwanafunzi huyu ni mzembe hadi athibitishe vinginevyo. Huambiwa pengine hakufanya mtihani. Huulizwa alikuwa wapi muda wote huo. Akichoka, hukubali kurudia kozi aliyokwisha kuifaulu, na mwaka mzima wa maisha yake hupotea pamoja na kazi aliyoahidiwa.

Ni katika hatua hii ndipo mwakilishi wa darasa, ngazi ya chini kabisa ya serikali ya wanafunzi, anapoonyesha thamani yake. Mwakilishi mwangalifu huwa na daftari. Ndani yake mna tarehe ya kila mtihani, idadi ya waliotahiniwa, jina la aliyezichukua karatasi, na majina ya wote wanaokosa alama katika kozi moja. Akienda ofisini na majina arubaini, hakuna anayeweza kudai kuwa wote arubaini walilala siku ya mtihani. Lililokuwa kosa la mwanafunzi hudhihirika kuwa kosa la mfumo, nao mfumo hulazimika kujitazama. Hakuna jiwe lililorushwa. Daftari tu limefunguliwa mezani.

Inafaa pia kueleza kwa nini kazi hii haiwezi kuachiwa viongozi wakuu peke yao. Katika vyuo vingi wanafunzi wana wawakilishi katika Seneti, lakini matokeo ya mitihani yanapojadiliwa, wawakilishi hao huombwa watoke nje. Kanuni hiyo ina mantiki yake, maana matokeo ni siri na anayehusika hawezi kuwa hakimu. Lakini wahenga walinena kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Kosa lisiporekebishwa idarani, kabla ya karatasi kupanda ngazi, litafika mahali ambapo mwanafunzi hana kiti wala sauti.

Kwa sababu hiyo, Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2012, na hasa marekebisho yake ya mwaka wa 2016, yanahitaji kusomwa upya kwa utulivu. Marekebisho hayo yaliondoa uchaguzi wa moja kwa moja. Yaliagiza wanafunzi wachague wajumbe kupitia idara, shule au vitivo, na wajumbe hao ndio wachague baraza. Muhula ni mwaka mmoja, na hakuna anayeruhusiwa kuhudumu zaidi ya mihula miwili. Malalamiko dhidi ya sheria hii yana uzito: mwanafunzi amepokonywa kura yake ya moja kwa moja, na wajumbe wachache ni rahisi kuhongwa kuliko umati. Mgala muuwe na haki yake mpe, lakini. Sheria hiyo hiyo, pengine bila kukusudia, imeurudisha uwakilishi idarani, palepale alama zinapopotelea, na imetaja ustawi wa masomo miongoni mwa shughuli ambazo baraza linapaswa kuzipanga kwa kushauriana na Seneti. Mjumbe aliyechaguliwa na idara yake kisha asijue hata ratiba ya mitihani ya idara hiyo hana pa kujificha.

Ratiba nayo ni uwanja mwingine. Wanafunzi wa ualimu wanaosoma Kiswahili pamoja na somo lingine, tuseme Historia au Jiografia, wanaijua vyema adha ya kozi mbili za lazima kugongana saa moja, kwa kuwa idara mbili zimepanga ratiba bila kusemezana. Mhadhiri wa idara moja haoni tatizo. Darasa lake limejaa. Anayeliona ni mwanafunzi, na anayeweza kulipeleka idara zote mbili kwa wakati mmoja ni mwakilishi. Kadhalika migomo ya wahadhiri, kama ile ya mwaka wa 2017, ilipomalizika, chuo kilitaka kuufidia muda uliopotea na wanafunzi walihitaji muda wa kufundishwa kabla ya kutahiniwa. Majuma mawili zaidi ya masomo hupatikana kwa mazungumzo, na mazungumzo huhitaji mtu aliyetumwa. (Jambo la kuchekesha, au la kuliza, ni kwamba barua ya kulalamikia alama za kozi ya Kiswahili bado huandikwa kwa Kiingereza, ingawa Katiba ya mwaka wa 2010 imeifanya lugha hii kuwa rasmi.)

Yapo maovu, bila shaka. Kampeni hugharimu pesa ambazo mwanafunzi hana, na anayezitoa hatoi bure. Wengine hupigiwa kura kwa majina ya koo zao. Wengine, wakishaonja chai ya wakubwa, husahau njia ya kurudi darasani.

Ila tatizo gumu zaidi ni dogo kwa sura. Mwakilishi aliye hodari huhitimu, na daftari huondoka naye. Anayemrithi huanza upya, akiuliza maswali yaliyokwisha kujibiwa, huku karatasi zikiendelea kukaa nyumbani kwa mhadhiri wa muda. Darasa lenye desturi ya kukabidhiana daftari mbele ya mkuu wa idara, na nakala kubaki katika faili, humpata mwakilishi mpya akijua tangu siku ya kwanza ni kozi ipi inayodaiwa alama, ni za nani, na tangu muhula upi.