Msumeno wa Ndotoni

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu aliniletea insha kuhusu utawala bora. Badala ya hoja na takwimu, alikuwa ameandika ngano: kijiji kilichokatazwa kutazama angani, na mtoto aliyeota mabawa. Nilimfelisha, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hapa tunasoma siasa, hatuoti." Hakuhudhuria tena kipindi changu.

Maneno yale yamenirudia wiki hii nilipokuwa nikisoma mihadhara ya Freud kuhusu ndoto, pale anapoitaja picha ya Moritz von Schwind, "Ndoto ya Mfungwa", iliyochorwa mwaka 1836 na kuhifadhiwa katika Jumba la Schack mjini München. Mfungwa amelala. Mwanga unapenya kwenye dirisha lililo juu mno kulifikia. Vijitu vya ngano vimepandiana hadi dirishani, na kimoja kinakata vyuma kwa msumeno. Freud anaona kwamba kijitu hicho kina sura ya mfungwa mwenyewe, na kwamba vile vilivyo chini yake vinaonyesha hatua ambazo angelazimika kuzipanda, moja baada ya nyingine.

Hilo ndilo lililonishtua. Ndoto hii haimbebi mfungwa hewani na kumtua ng'ambo ya ukuta. Inampa msumeno na ngazi. Hata usingizini, mtu huyu anapanga.

Sidai kwamba Schwind alikuwa mwanamapinduzi. Lakini alichora katika zama ngumu. Maazimio ya Karlsbad ya mwaka 1819 yalikuwa yameyaweka magazeti ya nchi za Kijerumani chini ya udhibiti, na wahadhiri wa vyuo vikuu chini ya macho ya serikali. Katika hali hiyo, ngano iliweza kuwa maficho ya mwoga. Iliweza pia kuwa mahali pa kuhifadhia sura ya mlango mpaka siku ya kuufungua.

Najua pingamizi: mfungwa bado amelala, na msumeno wa ndotoni haukati chuma cha mchana. Ni kweli. Ila asiyewahi kuuona mwanya hata ndotoni, atauanzia wapi mchana?

Mimi niliyejiona mtetezi wa uhuru nilikuwa mkaguzi mwenye kalamu nyekundu. Insha ile ilistahili swali moja tu: mtoto yule, baada ya kuota mabawa, aliamka akafanya nini? Sikuliuliza. Ndugu yangu, kama unasoma haya, nakuuliza leo.